Chaguo la Kwanza: Timu za Bandari na Vijana wa Majengo

Mwaka 1947 ulikuwa na mikutano miwili ambayo haikujuana. Wa kwanza ulifanyika Majengo, Mombasa, kwenye uwanja wa mpira uliojulikana kwa jina la Kiwanja cha Maskini. Tarehe 13 Januari makuli wa bandari ya Kilindini, watu wa reli, watumishi wa majumbani na wengineo, jumla yao kama 15,000, waliacha kazi kwa pamoja, na kwa siku zipatazo 12 uwanja ule ukawa ndio bunge lao. Wa pili ulifanyika Detroit, Marekani, tarehe 1 Julai. Wenye klabu za ligi changa ya mpira wa vikapu, ile iliyokuja kuwa NBA, walikaa kitako wakagawana vijana waliokuwa wakimaliza vyuo vikuu: wewe chukua huyu, mimi nitachukua yule.

Majengo watu walikuwa wakidai mshahara. Detroit matajiri walikuwa wakitafuta namna ya kutogombania wachezaji hadi wakafilisiana. Lakini chini ya yote mawili palikuwa na swali moja, na ndilo swali ambalo timu za bandari ya Mombasa zimekuwa zikilijibu kwa zaidi ya miaka 60 sasa: nani anamchagua nani, na nani anachagua mwanzo?

Historia ya timu hizi kwa kawaida huhesabiwa tangu 1960, kampuni ya Landing and Shipping ilipoingiza uwanjani kikosi chake cha kandanda kwa jina la kifupi cha kampuni yenyewe, Lasco. Makombe yao tutayafikia. Lakini aanzaye na makombe hataelewa kwa nini timu ya Kilindini hujengwa namna inavyojengwa, na kwa nini ikianguka husimama tena wakati timu za mitaa zikianguka huzikwa. Sharti mtu aanze langoni mwa bandari.

Gati mbili za kwanza za maji marefu zilikamilika Kilindini mwaka 1926, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 zilikuwa zimefika tano. Meli ilitia nanga leo, kesho haipo. Kwa hiyo wenye kazi walitaka watu wengi kwa siku moja na wasiwatake siku ya pili. Asubuhi na mapema wanaume walijazana kungoja kuitwa, na aliyewaita alikuwa serahangi, kiongozi wa genge. Yeye ndiye aliyepitisha macho, akanyoosha kidole. Kazi ilikuwa ya mabega: magunia ya kahawa na pamba kutoka bara, shehena za bidhaa kutoka ng'ambo. Serahangi alijua nani ana nguvu, nani mvivu, nani ni mtoto wa dada yake. Waliobaki bila kuitwa walirudi walikotoka.

Lakini tusimwonee huruma kibarua kuliko alivyojionea mwenyewe. Wengi wao, hasa wenyeji wa mji na Wamijikenda wenye mashamba ng'ambo ya maji, walikipenda kibarua kwa sababu malipo ya siku yalikuwa mazuri kuliko ya mtu wa mwezi, na mtu alifanya siku zake akaenda kulima, kuvua au kupumzika. Serahangi alichagua mtu, naye mtu alichagua siku. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyochukizwa na jambo hilo, maana ilitaka mfanyakazi anayejulikana jina, nyumba na zamu.

Majengo ndipo wengi wa watu hao walipolala. Mtaa huu uliopangwa na serikali ya kikoloni nje ya Mji wa Kale, kuelekea Makupa, ulijaa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, kila chumba na mpangaji wake. Na humu mna ajabu moja ya Mombasa ambayo mgeni haimwingii akilini haraka. Nyumba ni ya huyu, ardhi ni ya yule. Mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi, na akiambiwa aondoke, aondoke na mabati yake. Watu waliozoea kumiliki kuta bila ya kumiliki udongo hawakuona ajabu kwamba timu pia inaweza kuwa yao kwa mapenzi na ikawa ya mwingine kwa karatasi.

Mgomo wa 1947 ulimtoa Chege Kibachia, kiongozi wa chama cha wafanyakazi kilichozaliwa siku zile zile. Agosti mwaka huo alikamatwa na kuhamishiwa mbali bara, akawekwa kizuizini kwa miaka 10. Lakini mambo hayakurudi yalivyokuwa. Mahakama ya usuluhishi iliyoongozwa na Jaji Thacker iliongeza malipo, na katika miaka ya 1950 kibarua cha kuokotwa langoni kilianza kufungwa. Makuli wakaandikishwa. Aliyefika kazini siku chache kuliko zilizotakiwa akafutwa katika orodha, na waliobaki wakawa watu wa kudumu. Chama cha wafanyakazi wa bandari, Dock Workers Union, kilikuwa kimeshasimama kufikia katikati ya miaka hiyo. Mgomo wa 1955 ulipozuka, Tom Mboya alishuka Mombasa kusuluhisha.

Sasa tazama kinachofuata. Mtu wa kudumu ana saa za kutoka kazini, ana bosi anayemjua, ana siku ya mapumziko inayojulikana tangu mwanzo wa mwezi. Mtu huyo unaweza kumpanga kwenye timu. Huwezi kufundisha safu ya ulinzi kwa watu ambao leo wamechukuliwa na kesho wameachwa. Nionavyo mimi, timu ya Lasco ni mtoto wa orodha ile ya makuli kuliko ilivyo mtoto wa mapenzi ya mwajiri kwa michezo. Na tangu siku hiyo mlango wa kuingia timu ya bandari na mlango wa kuingia bandarini umekuwa mmoja.

Wakati huo mitaa nayo ilikuwa na timu zake. Mtu mzima wa Mombasa ukimtajia Feisal na Liverpool, ile iliyobadilishwa jina baadaye ikawa Mwenge, mazungumzo ya jioni hiyo yamekwisha, hutapata nafasi ya kusema jambo jingine. Feisal ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965, ligi ikiwa na umri wa miaka miwili tu: Nakuru All Stars walikuwa wameuchukua 1963, Luo Union 1964. Tangu siku hiyo hakuna klabu ya Mombasa iliyoutwaa tena. Sitaki kulipita jambo hilo mbio mbio. Mji wa pili kwa ukubwa nchini, wenye vijana wanaogusa mpira kabla ya kujua kusoma, umekaa miongo sita bila ubingwa wa ligi. Wakilaumu watu, hulaumu waamuzi, hulaumu chama cha mpira, hulaumu Nairobi. Mimi naona jibu liko karibu zaidi. Timu ya mtaa haikuwa na cha kumpa mchezaji ila jina, na jina halilipi kodi ya chumba.

Angalia watoto wanavyogawana timu kwenye vichochoro vya Majengo, jua likianza kupoa. Manahodha wawili wanasimama hatua chache mbali mbali. Wengine wanaegemea ukuta, kila mmoja akijifanya hana haja. Nahodha mmoja anataja jina, wa pili anataja lake, zamu kwa zamu, mpaka anabaki mdogo wa mwisho anayeambiwa, "Haya, njoo wewe." Utaratibu ni wa haki kabisa ila katika jambo moja: mwenye mpira ndiye anayechagua mwanzo, hata akiwa hajui kupiga chenga. Na akiitwa nyumbani magharibi, mpira unakwenda naye.

Bandari ndiyo mwenye mpira. Lasco ilipita, ikaja Cargo baada ya kazi ya kupakia na kupakua kuwekwa chini ya kampuni ya Afrika Mashariki ya kushughulikia shehena. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, mali zikagawanywa, na mwaka 1978 ikaundwa Mamlaka ya Bandari ya Kenya, KPA. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya shehena ikamezwa na mamlaka, na humo ndimo lilimotoka jina tulijualo leo la Bandari. Wenye kazi walibadilika, majina yalibadilika, jezi zilibadilika. Kilichobaki ni kwamba kijana mwenye kipaji alijua pa kupeleka miguu yake ili miguu hiyo impe mshahara. Feisal ingeweza kumlea, Mwenge ingeweza kumlea. Hatima yake ilikuwa Kilindini, au apande basi la usiku kwenda Nairobi kwa mwajiri mwingine.

Mpira wa vikapu ulifuata njia hiyo hiyo, na pengine kwa uwazi zaidi, kwa sababu kikosi chake ni kidogo na ajira 12 zinatosha kuunda timu nzima. Nyumba yake ni ukumbi wa Makande, upande wa bandari wa kisiwa. Pale ndani mtu anacheza juu ya sakafu, chini ya paa, jambo ambalo kwa mchezaji wa Pwani aliyekulia kwenye saruji iliyopasuka, na upepo wa kaskazi ukimhamisha mpira hewani, ni neema. Atakwambia kwamba alipoingia Makande mara ya kwanza ilibidi ajifunze kurusha upya, kwa sababu mkono wake ulizoea kukisia upepo.

Tazama timu zinazounda ligi kuu ya mpira wa vikapu ya Kenya kwa miaka mingi: Ulinzi ni ya jeshi, Equity na Co-op ni za benki, KPA ni ya bandari, Strathmore, USIU na Zetech ni za vyuo vikuu. Ni ligi ya waajiri na vyuo. Ukihitimu chuo unamtafuta mwajiri. Mwajiri akiwa na timu, umepata kazi na kikapu pamoja. Wanawake wa KPA ndio walioutumia mlango huo vizuri kuliko wote. Wametwaa ubingwa wa Kenya zaidi ya mara moja, wamekwenda mashindano ya klabu ya kanda na ya Afrika, na ushindani wao na mabinti wa Equity ulikuwa, kwa maoni yangu, mchezo bora kuliko wowote uliochezwa na klabu za Kenya katika miaka ya karibuni, wa wanaume ukiwemo. Nyuma yao ziko shule. Kaya Tiwi, ng'ambo ya kivuko cha Likoni kuelekea Kwale, imejijengea sifa ya mpira wa vikapu wa wasichana nchi nzima, na si kwa utajiri wa vifaa.

Sasa nirudi Detroit, maana siwezi kuieleza timu ya bandari bila kuonyesha ingeweza kujengwa vipi vingine.

Uteuzi ule wa Marekani, ambao wapenzi wa NBA wa hapa kwetu huuita drafti, ulikuwa na wazo rahisi: aliyeshika mkia achague mwanzo, ili asibaki mkiani milele. Wazo lilitoka kwenye kandanda yao, ambako uteuzi wa kwanza ulifanywa 1936 na kijana wa kwanza kuteuliwa, Jay Berwanger, hakuwahi kucheza mechi hata moja ya ligi hiyo. Kwenye mpira wa vikapu mambo yalianza kwa kichekesho kikubwa zaidi. Waliochagua mwanzo mwaka 1947 walikuwa Pittsburgh Ironmen, walioshinda mechi 15 na kupoteza 45. Wakamchagua Clifton McNeely. Yeye akaenda zake Texas kufundisha shule ya sekondari, na klabu yenyewe ikafa kabla ya msimu kuanza. Chaguo la kwanza la kwanza: mchezaji hakuja, na timu haikuwepo.

Hata hivyo utaratibu ulishika. Kuanzia 1966 timu mbili za mkiani zilirushiana shilingi kuamua nani achague mwanzo. Mwaka 1984 minong'ono ilizidi kwamba kuna waliokuwa wakipoteza kwa makusudi ili wampate Hakeem Olajuwon, Mnigeria aliyekuwa akicheza chuo kikuu cha Houston. Mwaka uliofuata ikaletwa bahati nasibu ya bahasha saba. New York wakampata Patrick Ewing, na hadi leo wako watu wazima wenye akili zao wanaoapa kwamba bahasha ya New York ilitiwa barafuni ili mkono uitambue. Mwaka 1993 Orlando, waliokosa hatua ya mtoano kwa nywele, waliibuka na nambari moja wakiwa na mpira mmoja tu kati ya 66 ya bahati nasibu, ndipo kanuni zikaandikwa upya kuwabeba zaidi walioshindwa zaidi.

Philadelphia wakaisoma kanuni hiyo vizuri kupita kiasi. Kuanzia msimu wa 2013 waliuza kila mchezaji aliyejua kucheza, wakashinda mechi 19, kisha 18, kisha 10, katika msimu wa mechi 82. Waliwaambia mashabiki wavumilie. Wakampata Joel Embiid wa Kameruni mwaka 2014, wakapata chaguo la kwanza 2016, na miaka mingi baadaye walikuwa bado hawajafika hata nusu fainali ya ligi. Ligi ikapunguza utamu wa kushindwa: mwaka 2019 timu tatu mbovu zaidi zikapewa nafasi sawa, asilimia 14 kila moja. Mwaka 2025 Dallas walichukua nambari moja wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8, na minong'ono ya barafu ikaanza upya.

Wasemaji wa Kiswahili wameshapita kwenye mlango huo. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alikuwa na umri wa miaka 15 alipoanza kugusa mpira wa vikapu. Mwaka 2009, akiwa na urefu wa mita 2.21, aliteuliwa wa pili na Memphis. Nyuma yake walisubiri James Harden, wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Kabla ya msimu wake wa kwanza kwisha alishushwa ligi ya chini, na kufikia 2014 alikuwa ametoka NBA. Watu humcheka. Mimi simcheki. Hakujichagua mwenyewe kuwa wa pili. Waliomchagua ndio waliokosea hesabu, na jina lililoandikwa kwenye kosa hilo likawa lake. Bismack Biyombo wa Lubumbashi aliteuliwa wa saba 2011, akadumu miaka mingi kwa kazi ya kukaba na kuokota mipira iliyokosa kikapu. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, naye alikuwa wa saba 2021, na mwaka mmoja baadaye alikuwa na pete ya ubingwa pamoja na Golden State.

Hayo yote kijana wa Majengo anayajua kuliko ninavyoyajua mimi, na hakuyasoma popote. Ameyacheza. Kwenye vibanda vya PlayStation, kwenye simu na kompyuta, zipo ligi za kuigiza ambamo yeye si mchezaji bali ni meneja: anapokea timu iliyooza, anawauza wazee wote, anaiacha kompyuta iicheze misimu, anapoteza kwa furaha, anangoja siku ya uteuzi. Misimu mitano inapita kabla ya kahawa tungu kupoa. Na wala tusidhani kuigiza ligi ni jambo geni kwenye kisiwa hiki. Tangu miaka ya 1890 Wapwani walicheza beni, wakajigawa vyama, Kingi na Scotchi hapa Mombasa, wakavaa sare, wakapeana vyeo vya wafalme na majemadari, wakashindana kwa bendi na gwaride, kila upande ukivutia kwake watu wa upande wa pili. Maofisa wa Kiingereza hawakujua wacheke au waogope. Babu alikuwa jemadari wa kuigiza. Mjukuu ni meneja wa kuigiza. Damu ni ile ile.

Lakini akizima kifaa akitoka nje, hakuna uteuzi unaomngoja, na hautakuja. Drafti inahitaji mambo ambayo ligi yetu haina. Inahitaji mlango mmoja wa kuingilia, kama vyuo vyao, ili wote wapangwe foleni moja. Inahitaji ligi iliyofungwa isiyoshusha mtu. Huko aliyeshika mkia hupewa nafasi ya kupata chaguo la kwanza. Kwetu aliyeshika mkia hushushwa daraja, na wachezaji wake wazuri wanachukuliwa na waliomshinda. Na zaidi ya yote inahitaji chama cha wachezaji kilichokubali, kwa sababu kumwambia mtu mzima kwamba hana ruhusa ya kufanya kazi ila kwa tajiri aliyeshinda bahati nasibu ni jambo zito. Oscar Robertson, akiwa rais wa chama cha wachezaji, aliishtaki NBA mwaka 1970 kwa sababu hizo, na suluhu ya 1976 ndiyo iliyofungua njia ya mchezaji kuondoka mkataba wake ukimalizika. Makuli wa Kilindini wangemwelewa bila mkalimani.

Basi timu ya bandari hujijengaje upya ikianguka? Mfano ulio wazi ni Bandari yenyewe. Ilififia, ikapotea daraja la juu, ikarudi Ligi Kuu mwaka 2013. Haikurudi kwa kungoja kipaji kimoja kikubwa. Ilirudi kwa sababu mwajiri hakufa. Mishahara ilikuwepo, uwanja wa Mbaraki ulikuwepo, basi lilikuwepo, na wachezaji wa Pwani waliochoshwa na ahadi za klabu za Nairobi walijua kwamba Kilindini mwisho wa mwezi hufika. Mwaka 2015 ikatwaa kombe la taifa. Mwaka 2018 ikashika nafasi ya pili kwenye ligi, msimu uliofuata ikawa ya pili tena, nyuma ya Gor Mahia mara zote mbili. Januari 2019 iliwatoa Simba kwa mabao 2-1 huko kwao Dar es Salaam, jambo ambalo mashabiki wa Mbaraki wamelisimulia mpaka limechakaa. Mwaka huo huo ikabeba kombe la taifa tena, ikaingia mashindano ya Afrika na kupita raundi mbili kabla ya Horoya wa Guinea kuizuia.

Angalieni mwaka wenyewe. Reli mpya ilikuwa imefunguliwa 2017, na kwa amri ya serikali makontena yakawa yanapakiwa kwenye treni kwenda kutolewa Nairobi. Mwaka 2019 watu wa Mombasa wakaandamana, kwa sababu madereva, makarani wa kupitisha mizigo na wauza chakula waliona riziki ikipita juu ya reli bila kusimama. Kwa hiyo timu ya bandari ilikuwa ikipanda wakati ule ule mji ulipokuwa ukilia kwamba bandari inahamishwa. Sijui kama kuna klabu nyingine nchini iliyobeba utata wa namna hiyo: mashabiki waliompigia kelele mwajiri Jumatatu na kuipigia makofi timu yake Jumapili, tena kwa sauti ile ile.

Makontena yamefanya jambo jingine pia, la polepole. Meli iliyohitaji mamia ya mabega sasa inahitaji kreni na watu wachache wenye vyeti. Bandari inashughulikia shehena nyingi kuliko wakati wowote na kwa kila tani inahitaji watu wachache kuliko zamani. Lasco iliweza kuchagua timu kutoka kwenye bahari ya makuli. Leo mchezaji ndiye anayetafutiwa kazi. Ni mwelekeo uliogeuka. Zamani kuli aligunduliwa kuwa anajua mpira. Sasa mpira unagunduliwa kwanza, kisha watu wa ofisi wanaulizwa kama kuna nafasi, boharini au lindoni.

Na mwenye mpira hayuko peke yake tena. Ligi ya Afrika ya mpira wa vikapu, BAL, ilizinduliwa Kigali mwaka 2021 kwa ushirikiano wa NBA na shirikisho la dunia, na mwaka 2025 Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kuingia. Thunder si timu ya mwajiri wa kizamani. Haina gati, haina matawi ya benki, haina kambi. Inamlipa mchezaji ili acheze. Kwa kijana wa miaka 22 mwenye mita mbili za urefu, hilo ni jambo jipya kabisa hapa nchini, na kwa kocha wa Makande ni tatizo jipya. Yeye ana mshahara wa kudumu wa kumwonyesha, bima ya hospitali, na labda miaka 30 ya kazi baada ya goti kuchoka. Wale wana kamera, pasipoti yenye mihuri, na uwezekano mdogo lakini wa kweli kwamba mtu wa Marekani ameketi jukwaani na daftari.

Wazazi wa Majengo, kwa niwajuavyo, bado wanamshauri mtoto aende bandarini. Mama aliyepangisha vyumba vitatu na kulipa kodi ya kiwanja kila mwezi hawezi kushawishiwa kwa asilimia 14. Lakini vijana wenyewe wameanza kuuliza maswali ambayo Lasco haikuwahi kuulizwa: mkataba ni wa miaka mingapi, nikitakiwa na klabu ya Kigali mtaniachia, na nikiumia kazi itabaki kuwa yangu au ni ya mchezaji atakayekuja baada yangu? Viongozi wengine huyaona maswali hayo kuwa utovu wa adabu. Mchezaji aliyeletwa na mjomba wake na kupewa kazi, wanasema, angeshukuru kwanza. Anashukuru. Kisha anauliza tena, mkataba ukiwa mkononi na kalamu juu ya meza.

Msimu unaofuata utakapokaribia, kocha atapita Tiwi na mtaa wa Tononoka, ataulizia nani amemaliza chuo, atapiga simu kwa aliyewahi kumfundisha kuuliza kama magoti yake yako sawa. Atapeleka majina ofisini. Ofisi itajibu kwamba nafasi ni tano badala ya nane alizoomba, naye atarudi Makande kuamua ni watatu gani wa kuwaambia wasubiri mwaka mwingine, akijua kwamba wawili kati yao tayari wamepigiwa simu kutoka Nairobi.